Kushangilia na Kushangilishwa

Tarehe 19 Januari 2025 Simba ilicheza na CS Constantine ya Algeria katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na viti vyake 60,000 vilikuwa vitupu. Simba ilishinda 2-0 na kumaliza ikiongoza kundi lake katika Kombe la Shirikisho. Kwa hesabu ya pointi, hakuna kilichopotea. Lakini sisi tulioifuatilia mechi hiyo kwenye luninga tulisikia mambo ambayo kwa kawaida hayasikiki pale: kipa akiwapanga mabeki wake, kocha akifoka, filimbi ya mwamuzi ikirudi kama mwangwi wa pangoni. Ile ilikuwa adhabu. Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Desemba 2024, mechi dhidi ya CS Sfaxien ya Tunisia ilimalizika kwa vurugu na viti vikang'olewa jukwaani, ndipo CAF ikaamua kwamba mchezo uliofuata wa nyumbani uchezwe bila watazamaji.

Nimeitafakari adhabu ile mara nyingi tangu siku hiyo. Mamlaka za mpira zina namna nyingi za kuadhibu: hutoza faini, hufungia wachezaji, hupokonya pointi. Hii ya kufunga milango ni ya aina yake, kwa sababu haigusi timu iliyopo uwanjani. Inaondoa sauti tu. Anayeitoa anakiri, pasipo kutamka, kwamba sauti ya jukwaani ni kitu chenye thamani, kwamba klabu ikinyimwa sauti hiyo imenyimwa sehemu ya nguvu zake. Ajabu ni kwamba sisi wenye sauti hatujawahi kuifanyia hesabu. Tunaichukulia kama mvua: ipo, itakuwepo, haina mwenyewe.

Najua wapo watakaosema mhadhiri amekosa la kuandika, nchi ina mambo mazito kuliko nyimbo za mpira. Nawaomba subira. Ninaloliona ni kwamba jukwaa la mpira ni miongoni mwa sehemu chache zilizobaki ambapo maelfu ya Watanzania wasiofahamiana husema neno moja kwa pamoja, kwa hiari, bila kupewa kipaza sauti na mtu yeyote. Na sehemu hiyo inatutoka mikononi. Haichukuliwi na polisi. Inachukuliwa na spika.

Tuanze na nguvu ya sauti yenyewe, maana wapo wanaodhani kelele ni mapambo. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Nevill, Balmer na Williams, walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Waliwachukua waamuzi 40 wenye sifa, wakawaonesha mkanda wa mechi ya Liverpool na Leicester na kuwataka watoe uamuzi kuhusu matukio 47 ya wachezaji kugongana. Baadhi walitazama wakiisikia sauti ya mashabiki, wengine walitazama mkanda ulionyamazishwa. Walioisikia sauti waliipigia filimbi timu ya nyumbani mara chache zaidi kuliko wale wa ukimya. Picha ilikuwa moja, sheria zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni sauti peke yake. Miaka 18 baadaye Korona ilifanya jaribio hilo kwa ulimwengu mzima. Ligi ya Ujerumani iliporejea tarehe 16 Mei 2020 katika viwanja vitupu, na nyingine za Ulaya zikafuata, watafiti walikuta faida ya kucheza nyumbani imepungua, na timu ngeni zikioneshwa kadi za njano chache kuliko ilivyozoeleka.

Msomaji wa sayansi ya siasa atalielewa jambo hili haraka kuliko mchambuzi wa mpira. Sauti ya umati haimlazimishi mwenye madaraka kutenda dhulma iliyo wazi. Inamwelemea pale penye shaka, pale ambapo uamuzi ungeweza kwenda huku au kule. Na mambo mengi ya utawala yako pale penye shaka.

Nguvu hii haikuzaliwa na mpira. Pwani yetu ilikuwa na mashindano ya nyimbo kabla ya kuwa na magoli. Kuanzia miaka ya 1890 ngoma ya beni ilienea katika miji ya pwani, kisha ikaingia bara pamoja na askari na makarani, na huku Tanganyika pande zake mbili kubwa zikawa Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, aliziandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vyama hivi vilikuwa na vyeo vya kijeshi vya kuigiza, sare, gwaride na karamu. Lakini silaha yao kuu ilikuwa wimbo wa kujisifu na kumkejeli wa upande wa pili. Mtu akifika mji mgeni, chama chake cha beni kilimpokea, na akifa kilimzika. Watawala wa kikoloni waliwatazama kwa mashaka: hawakujua kama wale watu wanawaiga Wazungu au wanawacheka. Nadhani walikuwa wakifanya yote mawili.

Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na klabu ambayo leo tunaiita Simba mwaka 1936, katika mji uliokwisha kuzoea kugawanyika pande mbili na kuimbana. Sidai kwamba Simba na Yanga ni Marini na Arinoti waliovaa jezi. Historia haiendi kwa mstari mnyoofu namna hiyo. Ninachosema ni kwamba sikio lilikuwa tayari. Sikio hilohilo ndilo lililofurahia TOT na Muungano walipokuwa wakijibizana kwa mipasho ya taarabu katika miaka ya 1990, na ndilo linalomfanya shabiki wa Temeke atunge kijembe dakika ya 12 na kukisikia kikiimbwa na jukwaa zima dakika ya 15.

Hapa pana jambo ambalo wageni hawalioni upesi. Tunaposema Simba na Yanga ni watani wa jadi, hatutumii tamathali. Utani ni taasisi. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kitu chako, hata kuvuruga shughuli yako ya msiba. Lakini hana ruhusa ya kukudhuru, na siku ya msiba huohuo ndiye anayetegemewa kushika kazi. Ni uadui uliowekewa mipaka na udugu. Wenzetu wa Nairobi walilifikia wazo hilohilo kwa njia yao: mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards wanaiita dabi ya Mashemeji. Shemeji, kama mtani, ni mtu unayeruhusiwa kumtania kwa sababu huwezi kumkana. Nimesoma maandiko mengi ya kitaalamu kuhusu vurugu za mashabiki na namna ya kuzidhibiti. Machache sana yana dhana iliyokomaa kama utani.

Wimbo wa jukwaani una sifa nyingine. Hauna mtunzi, au tuseme mtunzi wake hajulikani na hadai hakimiliki. Mtu mmoja anauanzisha. Majirani zake wakiupenda wanaudaka. Wasipoupenda unamfia mdomoni, naye anakaa chini akijichekesha. Hakuna anayeweza kuwalazimisha watu 5,000 kuimba. Kila mstari unapigiwa kura na mapafu ya wasikilizaji, na kura hiyo haina msimamizi. Ukitaka kujua watu wanafikiri nini kuhusu kocha, kuhusu mwenyekiti wa klabu, kuhusu bei ya tiketi, keti mzunguko usikilize. Utapata majibu ambayo dodoso halitakupa.

Sasa nieleze ninachokiona kikitokea.

Katika mechi moja ya kimataifa, ya klabu ambayo sitaitaja, nilikaa mzunguko. Mbele yangu alikuwepo mama wa makamo aliyejifunga kitenge juu ya jezi, na pembeni yake kijana mwenye tarumbeta lililobonyea. Zilikuwa zimebaki kama dakika 20 mpira uanze. Yule mama alianzisha wimbo kwa sauti ya chini, karibu kama anayejiimbia mwenyewe. Kijana alitafuta sauti yake, akakosea mara mbili, akaipata. Safu tatu zikaitikia, kisha kipande chote cha jukwaa, na ukiuangalia upande wa pili ungewaona watu wakigeuza shingo kutafuta sauti inatoka wapi. Ulikuwa wimbo wa kumtania kocha wa wageni, mzuri, wenye kejeli isiyo na tusi. Ulikuwa unakaribia kuvuka kwenda jukwaa la jirani pale spika za uwanja zilipofunguliwa. Kwanza tangazo la mdhamini, kisha singeli, kisha mshereheshaji akituuliza kama tupo, na tulipojibu akasema hajasikia. Mama yule alikaa. Akanigeukia akasema, "Wametuzima, kaka'angu."

Sina ugomvi na singeli, na sina ugomvi na wadhamini. Mpira wa leo hauendeshwi kwa michango ya wanachama peke yake. Lakini sikiliza kinachofanyika. Goli likifungwa, kabla umati haujaachia pumzi iliyokuwa imebanwa kifuani, spika imeshapiga wimbo wake wa goli. Sekunde zile ambazo shangwe ilikuwa ikijipanga yenyewe kuwa wimbo zimejazwa na kitu kilichorekodiwa studio. Mapumziko yamejaa, dakika za kusubiri zimejaa, hata kuzomea kumetafutiwa milio. Kijembe, ambacho kilikuwa kikitoka mzunguko kupanda juu, siku hizi kinatungwa ofisini, kinatangazwa na msemaji wa klabu mbele ya waandishi wa habari siku tatu kabla ya mechi, na kufikia asubuhi ya mechi kimekwisha kuchapishwa kwenye fulana. Shabiki anapewa kaulimbiu kama mgonjwa anavyopewa dozi.

Kiswahili kina kauli ya kulitaja jambo hili. Kuna kushangilia, na kuna kushangilishwa. Vitenzi viwili vya mzizi mmoja, na kati yao imeingia mikono ya mtu mwingine.

Watumishi wa umma wanaonisoma, na najua mpo, mtakuwa mmeshatambua kwamba hali hii haikuanzia uwanjani. Tumekulia katika utamaduni wa hamasa. Kiongozi akija, watu hupangwa barabarani, vikundi vya ngoma huletwa kwa malori, na kuna mtu mwenye kipaza sauti ambaye kazi yake ni kuwakumbusha waliofika kwamba wamefurahi. Mpira ulikuwa umesalimika kwa kiasi fulani, kwa sababu furaha ya goli haipangiki na hasira ya kufungwa haipangiki. Sasa nao unajifunza.

Siasa imefika na mkoba wake pia. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Rais Samia alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika michuano ya CAF, kiasi ambacho baadaye kiliongezwa, na ndipo msemo wa goli la mama ukazaliwa. Wanasiasa wengine wamekuwa wakinunua tiketi kwa wingi na kuzigawa. Wachezaji waliofaidika na fedha zile wamezitolea jasho, na sioni sababu ya kuwaonea wivu. Swali langu linahusu jukwaa. Anayeingia kwa tiketi aliyopewa na mwanasiasa, akiwa amevaa fulana aliyopewa pamoja na tiketi hiyo, anabaki na uhuru gani wa kuchagua wimbo? Labda anao wote; watu wetu ni wajanja, huvaa fulana ya mtu na kumpigia kura mwingine. Hata hivyo ningependelea mtu aingie kwa kiingilio chake, akakae na deni la mtu yeyote likiwa nje ya geti.

Nitoe mfano wa mbali wa kile ambacho jukwaa lenye sauti yake linaweza kufanya, kwa kuwa mfano huu umeandikwa na kuchunguzwa kuliko wowote ninaoufahamu. Tarehe 15 Aprili 1989, katika nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, polisi waliruhusu geti la kutokea lifunguliwe ili kupunguza msongamano wa nje. Watu wakaelekea katika vizimba vya katikati vilivyokwisha kujaa. Mashabiki 96 wa Liverpool walikufa kwa kubanwa. Wa 97 alifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Polisi walisema mashabiki walikuwa walevi waliovamia uwanja. Gazeti la The Sun likachapisha tuhuma chafu dhidi ya waliokufa chini ya kichwa kikubwa kilichosema huo ndio ukweli. Kwa miaka 20 familia zilikwenda mahakamani, zikaandika barua, zikakutana na mawaziri. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine.

Kilichobaki ni jukwaa. Tarehe 6 Januari 2007, Liverpool ilipocheza na Arsenal katika Kombe la FA, jukwaa la Kop liliimba kudai haki ya wale 96 kwa dakika 6 za mwanzo, ikiwa ni dakika zilezile ambazo nusu fainali ya 1989 ilidumu kabla ya kusimamishwa. BBC ilikuwa ikirusha mechi hiyo moja kwa moja, kwa hiyo nchi nzima ilisikia. Kisha tarehe 15 Aprili 2009, katika kumbukumbu ya miaka 20 uwanjani Anfield, waziri Andy Burnham aliyehusika na utamaduni na michezo alisimama kuhutubia kwa niaba ya Serikali. Hakuifika mbali hotuba yake. Sauti moja ilipasuka kutoka jukwaani ikidai haki, kisha maelfu wakaipokea. Waziri alinyamaza, akasimama pale akiisikiliza. Baadaye alisema mara nyingi kwamba siku ile ilimbadilisha. Alilipeleka suala hilo kwenye Baraza la Mawaziri, nyaraka zikaanza kufunguliwa, jopo huru likaundwa, ripoti yake ikatoka Septemba 2012 na kuonesha jinsi maelezo ya maofisa wa polisi yalivyokuwa yamehaririwa. Waziri Mkuu akaomba radhi bungeni. Tarehe 26 Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Haki kamili haikupatikana: aliyekuwa kamanda wa polisi siku ile alishitakiwa, na mwaka 2019 akaonekana hana hatia. Lakini uongo wa miaka 27 ulivunjwa, na sauti ya jukwaani ilifanya sehemu ya kazi ambayo barua hazikuweza.

Jiulize lingetokea nini iwapo, pale sauti ya kwanza ilipopasuka, mtu angebonyeza kitufe cha spika.

Nisieleweke kwamba jukwaa hushinda siku zote. Misri inatufundisha kinyume. Mashabiki wa Al Ahly na Zamalek waliozoea kuimba dhidi ya polisi walikuwa mstari wa mbele katika maandamano ya Tahrir mwaka 2011. Tarehe 1 Februari 2012, huko Port Said, zaidi ya watu 70 waliuawa baada ya mechi ya Al Masry na Al Ahly, huku walinzi wa uwanja wakishindwa, au kama mashabiki wengi walivyoamini wakikataa, kuwalinda. Kwa miaka mingi baada ya hapo ligi ya Misri ilichezwa mbele ya viti vitupu au vichache, na mwaka 2015 mahakama ikavipiga marufuku vikundi vile vya mashabiki. Dola lile lilijua thamani ya wimbo, na lililipia bei kubwa kuunyamazisha.

Kuna upande mwingine ambao wanaharakati wenzangu hupenda kuuruka, nami siwezi. Jukwaa linatukana. Nimesikia nyimbo kuhusu mama wa mwamuzi ambazo siwezi kuziandika hapa. Nimesikia mchezaji akiimbiwa rangi yake na umbo lake. Wanafunzi wangu wa kike wameniambia wanapenda mpira lakini mzunguko hawakai, na si kwa sababu ya jua. Viti vilivyong'olewa Desemba 2024 vilinunuliwa kwa kodi, na walioving'oa walikuwa watu walewale ambao nusu saa kabla waliimba vizuri. Umati ukiwa na sauti unakuwa na sauti ya kila kitu kilichomo ndani yake.

Dawa inayopendekezwa kila mara ni udhibiti: spika kubwa zaidi, baunsa wengi zaidi, ngoma na matarumbeta yaachwe getini. Nadhani ni dawa mbaya kwa ugonjwa wa kweli. Spika haimfundishi mtu adabu. Inamfunika tu, na akitoka nje ya geti anaendelea alipoishia. Kinachomrekebisha mwimbaji wa tusi ni jirani yake asiyeitikia. Nimeliona hilo likitokea: mtu anaanzisha wimbo mchafu, mzee mmoja wa tawi anamgeukia na kumwambia, "Huo si utani," na wimbo unakufa. Mzee yule hakuwa na kizibao cha ulinzi. Alikuwa na neno, utani, lenye mipaka ambayo kila aliyekuwepo aliijua. Kwa matusi ya ubaguzi na kwa anayevunja mali, sheria ipo na itumike kwa mtu mmoja mmoja aliyetenda, si kwa kuwanyamazisha watu 60,000. Tuna mifano ya amri kutoka juu na mwisho wake. Abaluhya ya Kenya ilibadilishwa jina kuwa AFC Leopards mwaka 1980, wakati klabu zilipotakiwa kuacha majina ya kikabila. Jina lilibadilika, ngoma ya isukuti ikaendelea kupigwa jukwaani hadi leo.

Ninayasema haya sasa kwa sababu ya 2027. Kenya, Tanzania na Uganda zimekabidhiwa kuandaa AFCON kwa pamoja, na matayarisho ya viwanja yanaendelea, ukiwemo uwanja mpya wa Arusha. Kamati zinakaa. Kwenye meza zao kuna nyasi, taa, vyumba vya kubadilishia nguo, maegesho ya wageni mashuhuri. Nina shaka kama kuna aliyeleta ajenda ya wimbo. Wimbo unategemea mambo ya kawaida kabisa ambayo ofisa wa ngazi ya kati anaweza kuyaamua bila kuomba kibali cha mtu. Unategemea bei: mzunguko ukipanda, waimbaji ndio wa kwanza kubaki nyumbani, maana wenye fedha wanaketi kimya kila nchi. Liverpool hiyohiyo ilitangaza tiketi za hadi pauni 77 kwa jukwaa lake jipya, na tarehe 6 Februari 2016 mashabiki wapatao 10,000 waliinuka dakika ya 77 wakaondoka. Timu yao ilikuwa ikiongoza 2-0 dhidi ya Sunderland. Mechi iliisha 2-2. Siku 4 baadaye wamiliki waliirudisha bei nyuma. Ukimya nao ulikuwa wimbo, ila uliwezekana kwa sababu ulichaguliwa na wenyewe.

Unategemea pia usafiri. Mechi ya saa 1 usiku inayomwacha mtu wa Gongo la Mboto au Mbagala Rangi Tatu akitafuta daladala saa 4 ni mechi ambayo watu wataanza kuinuka dakika ya 75, na jukwaa linaloangalia saa haliimbi. Unategemea geti: tarumbeta ni chombo cha muziki, na askari anayelikagua anaweza kulikagua na kulirudisha kwa mwenyewe, badala ya kulirundika pamoja na chupa. Unategemea watu wa tawi moja kuweza kununua tiketi za viti vilivyo pamoja, jambo ambalo mfumo wa kielektroniki unaweza kulifanya ukiagizwa.

Na unategemea spika. Ombi langu kwa wasimamizi wa viwanja ni dogo na halina gharama hata ya shilingi moja. Katika dabi ijayo ya Kariakoo, mitambo ikae kimya kuanzia nusu saa kabla ya mpira hadi mapumziko, isipokuwa kwa matangazo ya usalama. Wadhamini wapewe kipindi cha pili kama wanakihitaji. Mtu mmoja akae na kinasa sauti katikati ya jukwaa la Yanga, mwingine katikati ya jukwaa la Simba, warekodi dakika zote 75. Mimi na wanafunzi wangu tuko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo, na viingilio vyetu tutalipa.